Nishani ya Kapteni, Jina la Koplo

Kuna aina moja ya hadithi ambayo tunaisikia sana redioni lakini hakuna anayeiita hadithi. Ni habari ya askari aliyepewa nishani. Kwa kuwa inatoka ofisi kubwa na inasomwa kwa sauti nzito, tunaipokea kama tangazo: tunasikiliza, tunasema "maskini", tunaendelea kumenya viazi. Mimi naomba tuisome kama tunavyosoma hadithi nyingine yoyote ndani ya jarida hili. Tuulize imeanzia wapi, nani ana jina, nani hana, na imekatwa wapi.

Hadithi ya nishani huwa na viungo vitatu. Inaanzia saa ya mwisho ya askari, risasi tayari zinalia. Katikati kuna tendo moja tu, la dakika chache, ambalo ndilo linabeba maisha yake yote. Mwisho kuna ukumbi wenye mazulia, mkubwa fulani amevaa tai, na mjane anapokea kisanduku. Kabla ya risasi hakuna kitu. Baada ya kisanduku hakuna kitu. Na wale watu ambao vita vilipiganwa kwa ajili yao, au juu ya migongo yao, wanatajwa kwa neno moja: raia.

Nimechagua hadithi mbili zilizofungwa kwenye nishani moja, kwa sababu zote mbili zinatuhusu sisi wa pande hizi. Nishani yenyewe inaitwa kwa jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, aliyeuawa Kigali tarehe 31 Mei 1994. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliianzisha kwa azimio namba 2154 la tarehe 8 Mei 2014, na mwaka 2016 familia yake ikawa ya kwanza kuipokea. Aliyefuata, Mei 2019, alikuwa askari wa cheo cha chini kabisa: Chancy Chitete wa Malawi, aliyekufa Novemba 2018 huko Kididiwe, eneo la Beni, Kivu Kaskazini. Mmoja kapteni, mmoja askari wa kawaida. Mmoja Rwanda, mmoja Kongo. Ukisimama hapa Rusizi, uko katikati yao.

Nianze na Chitete, kwa kuwa hadithi yake ndiyo inayofuata ule mtindo kwa karibu zaidi.

Ilivyosimuliwa na Umoja wa Mataifa ni hivi. Askari wa MONUSCO kutoka Malawi na Tanzania, pamoja na jeshi la Kongo, walishambulia ngome ya ADF. Mapigano yakawa makali. Mtanzania mmoja, Koplo Ali Khamis Omary, akajeruhiwa vibaya, akabaki amelala mahali pa wazi, hawezi kusogea. Chitete akamwona. Akaenda akamburuta hadi penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Wakati anafanya hivyo akapigwa risasi yeye mwenyewe, akafa. Omary akaishi. Hesabu ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa Wamalawi sita na Mtanzania mmoja waliokufa katika mapigano hayo.

Kama hadithi, ina nguvu. Sitaki kuibeza. Mtu wa Malawi, ambaye labda hakuwahi kumjua Omary kabla ya kukutana naye msituni, anaingia kwenye njia ya risasi kwa ajili ya mtu wa nchi nyingine. Tena imefanya jambo moja ambalo hadithi nyingi za nishani hazifanyi: aliyeokolewa ana jina. Tunajua ni Ali Khamis Omary, ni koplo, ni wa Tanzania. Hilo si dogo. Hadithi nyingi za mashujaa zinamwacha aliyeokolewa awe kama mzigo, kitu kilichobebwa kutoka hapa hadi pale. Hapa mzigo una jina na cheo, na unaweza siku moja kufungua mdomo ukasema, "Mimi ndiye."

Lakini angalia imeanzia wapi. Imeanzia kwenye shambulio. Haituambii kwa nini askari wa Malawi yuko msituni Beni. Basi tujaze sisi. Mauaji ya raia eneo la Beni yalikuwa yanaendelea tangu Oktoba 2014, watu wakikatwa kwa mapanga mashambani na majumbani. Brigedi aliyokuwemo Chitete iliundwa kwa azimio la Machi 2013, ikiwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na ilikuwa ya kwanza ya Umoja wa Mataifa kupewa ruhusa ya kushambulia badala ya kungoja kushambuliwa. Desemba 2017, huko Semuliki, Watanzania wasiopungua 14 waliuawa ndani ya kambi yao kwa usiku mmoja. Halafu tarehe 1 Agosti 2018 ikatangazwa Ebola eneo hilohilo, ugonjwa ambao mpaka kuisha katikati ya 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Waganga walitaka kufika vijijini, njia haina usalama. Ndiyo sababu mojawapo ya operesheni ile ya Novemba.

Ukiweka hayo mwanzoni, kifo cha Chitete kinabadilika uzito. Anaacha kuwa mtu mwema aliyemvuta rafiki. Anakuwa mtu aliyekufa kwenye barabara ambayo muuguzi alitakiwa kupita ili amfikie mama mwenye homa. Kwangu mimi hiyo ni hadithi kubwa kuliko ile waliyoitoa. Wao wenyewe wameipunguza, kwa sababu ya mazoea ya kuanzia kwenye risasi.

Sasa lugha. Habari ya aina hii ikitangazwa kwa Kiswahili, usemi unaokuja haraka mdomoni ni "alijitoa mhanga". Tusimame hapo kidogo. Mhanga ni kafara. Lakini redio hizohizo, zikitangaza mtu aliyejifunga mabomu akajilipua sokoni, zinasema "mshambuliaji wa kujitoa mhanga". Neno moja kwa yule anayekufa ili mwingine aishi, na kwa yule anayekufa ili wengine wafe. Mwandishi makini hawezi kuliachia lipite hivihivi. Chitete hakujitoa kafara, hakwenda pale ili afe. Alikwenda kumvuta mtu, na nadhani alitaka warudi wote wawili. Kiswahili cha kawaida kinatosha: alikwenda kumtoa mwenzake, akauawa. Sentensi hiyo haina mapambo na haidanganyi.

Neno lingine ni "mlinda amani". Mlinzi wa benki analinda benki ambayo ipo. Beni mwaka 2018 amani ilikuwa wapi ya kulindwa? Neno hili likitumiwa kila siku linatufanya tuamini kwamba amani ilikuwepo, kisha ikavurugwa kwa bahati mbaya. Watu wa kule walipata maneno yao. Waliwaita hao askari watalii.

Na hapa lazima niseme na upande wetu pia. Tulipozungumza habari ya Chitete kwenye kikundi chetu cha vijana cha kusoma, kijana mmoja alicheka, akasema, "Monusco? Bale balikuwa baturisti tu." Wengine wakacheka naye. Naelewa kicheko hicho kinatoka wapi. Novemba 2019 watu wa Beni walichoma ofisi ya meya na kuvamia kambi ya MONUSCO, kwa sababu mauaji yaliendelea na kofia za bluu ziko palepale. Julai 2022 Goma na Butembo kukawa na maandamano yaliyoua watu. Hasira ile haikuletwa na upepo. Lakini "watalii" nayo ni hadithi, na ina ugonjwa uleule wa ile ya New York: inafuta majina. Mtalii hafi Kididiwe akiwa ameinama juu ya jeraha la mtu. Ukisema wote walikuwa watalii, umemuua Chitete mara ya pili, na safari hii hakuna hata nishani.

Dada mmoja ndiye aliyeuliza swali lililonifanya niandike makala haya. Alisema, "Na bale batu benye balikuwa banakufa, majina yabo iko wapi?" Chumba kikanyamaza. Kwa sababu ndivyo ilivyo: katika habari nzima ya Kididiwe kuna jina la Mmalawi, jina la Mtanzania, jina la Katibu Mkuu. Jina la mtu wa Beni, hata moja, hakuna.

Twende kwa kapteni.

Mbaye Diagne alikulia Pikine, pembezoni mwa Dakar. Alisoma chuo kikuu, akaingia jeshini, akawa afisa wa askari wa miguu, akatumikia Casamance. Rwanda alikuja kama mwangalizi wa kijeshi, na waangalizi hawa hawakubeba silaha. Tarehe 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa na askari. Watoto wake walikuwa wamejificha jirani. Diagne aliwachukua, akawaficha kwenye gari lake, akawapeleka hoteli ya Mille Collines. Kisha hakuacha. Kwa wiki karibu nane alikuwa anazunguka Kigali na gari, anachukua watu watatu, wanne, watano, anapita nao vizuizi, anarudi kuchukua wengine.

Alipitaje bila bunduki? Kwa sigara. Kwa utani. Kwa hela kidogo, kwa kinywaji, kwa kumjua mwenye panga kwa sura na kumwuliza habari. Wanaokumbuka wanasema alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye meno ya mbele yenye mwanya, na kila mtu mjini alimjua. Hadithi hii imetufikia ikiwa na nyama kwa sababu iliyo rahisi: ilisimuliwa na watu waliokuwa pale. Waliookolewa wamesema. Mark Doyle wa BBC, aliyekuwa Kigali wakati ule, amesema. Wafanyakazi wenzake wa misaada wamesema. Hakuna ofisi iliyokaa ikaitunga.

Ndiyo maana hata idadi haipatani. Wengine wanasema aliokoa mamia, mpaka mia sita. Wengine wanafika elfu. Mimi siuoni huo kuwa udhaifu wa hadithi. Mtu anayeficha watu hafungui rejista. Idadi ambayo haipatani ni dalili kwamba hadithi imeanzia kwa waliookolewa, kila mmoja akijua gari lake tu.

Alikufaje? Kombora lilianguka nyuma ya gari lake kwenye kizuizi, kipande kikampata kichwani. Alikuwa amebeba ujumbe wa kumpelekea Jenerali Dallaire. Hakukuwa na tendo la mwisho, hakuna mtu aliyeburutwa, hakuna neno la kuagana. Mtindo wa nishani ungehangaika sana na kifo hiki, maana hakina kilele. Na Gregory Alex, aliyeongoza kazi ya misaada ya Umoja wa Mataifa Kigali wakati huo, ameeleza jambo ambalo sisobaki kulikumbuka. Walipotaka kumhifadhi mwili wake, hawakuwa na mfuko wa maiti. Ikabidi wamfunge kwa turubai la plastiki la UNICEF. Kwa lugha yetu: shitingi. Msomaji anayelala chini ya shitingi usiku huu, huyu kapteni ambaye jina lake liko kwenye nishani ya dunia alifungwa kwa kitu hichohicho. Hakuna hotuba ya New York iliyowahi kunisogeza karibu naye kama kitambaa hicho.

Sasa tuisome nishani yenyewe. Azimio la 2014 linasema inatolewa kwa wanajeshi, polisi na raia wa Umoja wa Mataifa wanaoonyesha ujasiri usio wa kawaida mbele ya hatari kubwa, wakiwa wanatimiza kazi waliyotumwa. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Diagne hakutumwa kuokoa watu. Alitumwa kuangalia. Maagizo waliyokuwa nayo hayakumruhusu kuzunguka mjini akipakia wanaowindwa. Wakubwa wake walijua na wakanyamaza. Na Baraza hilohilo la Usalama, tarehe 21 Aprili 1994, wakati yeye yuko kwenye vizuizi, lilipiga kura kupunguza jeshi la Umoja wa Mataifa Rwanda hadi watu 270 hivi. Kwa hiyo ukiisoma sheria ya nishani kwa ukali, mtu mwenye jina lake ndiye angepata shida kuipata. Alistahili kwa sababu alifanya zaidi ya alichotumwa, na waliompa ni wale waliopunguza waliotumwa.

Sisemi nishani ni unafiki mtupu. Mtu akikosea na baadaye akamheshimu aliyefanya sawa, hilo ni jambo jema. Ninachosema ni kwamba heshima hiyo imeandikwa kwa namna inayoficha kosa. Inasema "ujasiri", na neno hilo linatosha kutufanya tusiulize kwa nini ujasiri ulihitajika. Mahali ambapo watu wengi wangekuwa wametumwa kufanya kazi, mmoja asingehitaji kuwa shujaa.

Kwa nini mimi, mtu wa vijana, nabishana na karatasi za mbali namna hii? Kwa sababu hadithi za ushujaa zinafanya kazi hapa kambini kila siku. Kijana wa miaka kumi na sita hakosi watu wa kumsimulia. Wapo wanaokuja na simulizi za vita ambazo nazo zina viungo vitatu vilevile: risasi, tendo moja, heshima. Tofauti ni kwamba mwishoni hakuna hata kisanduku. Tukimfundisha kijana kwamba ujasiri ni kufa vizuri ukiwa na bunduki, tumemwandaa kwa ajili ya hao wengine, hata kama mfano wetu ulitoka Umoja wa Mataifa. Diagne ananisaidia zaidi kuliko mashujaa wengi, kwa sababu ujasiri wake ni wa kurudiwa. Unafanywa leo, kesho, keshokutwa, kwa maneno, kwa kumjua mtu, kwa kuvumilia kuongea na mwuaji mpaka mlango ufunguke. Hilo linaweza kufanywa na mtu asiye na cheo. Na Chitete pia, tukiisimulia vizuri hadithi yake, hatumkumbuki kwa bunduki. Saa ile mikono yake ilikuwa kwenye jeraha.

Ndugu zetu wa mashirika wanaosoma jarida hili, naomba msidhani makala haya yanawasema askari tu. Ripoti nyingi za misaada zina mtindo uleule. Zinaanzia siku mradi ulipofika. Mfanyakazi ana jina na picha, waliosaidiwa ni "wanufaika" na idadi yao. Zinaishia kwenye makabidhiano, mtu anashika kitu, kamera inalia. Kuna sababu nzuri za kuficha majina ya watu wenye hatari, hilo tunalijua kuliko mtu yeyote, na hatuombi mtuandike majina yetu. Lakini kuficha jina hakulazimishi kufuta mtu. Unaweza kuandika kwamba yule mama alibishana kuhusu mahali pa kuweka bomba, na kwamba alikuwa sahihi. Hapo ameingia ndani ya hadithi bila kutajwa.

Tarehe 28 Februari 2024 kambi ya MONUSCO ya Kamanyola, hapo ng'ambo tu ya Bugarama, ilikabidhiwa kwa polisi wa Kongo, na Juni ya mwaka huo askari hao wakamaliza kazi yao Kivu Kusini. Wanapoondoka, historia yao inabaki na waandishi wawili: ofisi, yenye nishani, na barabara, yenye neno "watalii". Zote mbili zimekwisha kuandika. Sisi bado.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa jarida ni hili. Toleo lijalo tuache kurasa chache kwa ajili ya nusu ya hadithi ambayo haikuandikwa. Aliyewahi kuokolewa, aandike gari lilikuwaje, dereva alivuta sigara gani, kizuizini walisema nini. Aliyemwona askari wa kofia ya bluu akifanya vema, aandike. Aliyemwona akigeuza uso, naye aandike. Majina ya hatari tuyabadilishe. Na kama kati yetu yupo mtu wa upande wa Beni, aliyekuwa kule Novemba ile ya 2018, tunaomba atueleze siku hiyo ilianzaje kwake, asubuhi, kabla ya risasi.